Gesi ya Friji: Ilikotoka, Ilikopita, na Kwa Nini Mchuuzi wa Makoongwe Aijue Kabla ya Kununua Friza



Wiki iliyopita nilivuka kwenda Makoongwe kwa kazi zangu za kawaida. Kabla sijarudi chomboni niliitwa barazani na kina mama wa kikundi kimoja cha pweza. Walikuwa na swali moja tu. Bi mkubwa wao aliniambia, "Mwanangu, safari hii tununue friza gani?"

Alisema "safari hii" kwa sababu safari ya kwanza mimi ndiye niliyewashauri, na ushauri wangu uliwatia hasara. Walikuwa na fedha za hisa walizokusanya kwa muda mrefu. Niliwaambia wanunue friza la mtumba, kubwa na la bei nafuu, waliweke kwenye chumba cha kukodi upande wa Mkoani karibu na wanunuzi. Sikuangalia karatasi iliyobandikwa nyuma. Sikuuliza lina gesi gani. Kwa mawazo yangu friza ni friza, mradi linagandisha.

Kwa miezi mitatu lilifanya kazi vizuri, halafu likaanza kupoa nusu nusu. Fundi akaja, akatia gesi, likapona wiki chache, likarudi pale pale. Akatia tena mara ya pili, na mara ya tatu. Ikafika bamvua la kufungua mwamba uliokuwa umefungwa. Kina mama wakapata pweza wengi kwa siku moja, wakawatia wote frizani. Kesho yake asubuhi nilipigiwa simu, na nilipofika harufu ilinipokea mlangoni. Zaidi ya kilo 60 zilimwagwa.

Sikuwa na jibu la haraka pale barazani, nikaomba nipewe muda. Tangu siku hiyo nimesoma na nimeuliza mafundi, na nimegundua kwamba huwezi kulijibu swali la kina mama hawa bila kuijua historia ya gesi za friji. Historia hiyo imepita mbali sana na Makoongwe, lakini mwisho wake umeangukia kwetu. Leo naieleza, na mwishoni nitatoa ushauri.

Kabla ya barafu

Wazee wetu hawakuwa na friji, lakini samaki hawakuwa wakiwaozea ovyo. Walimpasua samaki, wakamtia chumvi, wakamwanika juani akawa ng'onda. Papa alikaushwa akasafirishwa mbali. Dagaa hadi leo wanachemshwa kwa maji ya chumvi na kuanikwa. Hata pweza anakaushwa. Njia zote hizi zinaondoa maji ndani ya samaki, kwa sababu vijidudu vinavyoozesha haviwezi kuishi pakavu.

Tatizo ni bei na ladha. Mnunuzi wa hoteli au wa mjini anataka samaki mbichi, na ubichi unahitaji baridi.

Zamani baridi ilikuwa bidhaa ya kusafirishwa. Mwaka 1806 mfanyabiashara wa Boston, Marekani, aitwaye Frederic Tudor, alianza kupakia melini barafu iliyokatwa kwenye maziwa yanayoganda wakati wa baridi, akaipeleka kisiwa cha Martinique. Watu walimcheka. Mwaka 1833 alipeleka meli hadi Kalkuta, India. Safari ilichukua takriban miezi minne, ikapita kwenye joto la ikweta. Kati ya tani zipatazo 180 zilizopakiwa, tani kama 100 zilifika zikiwa bado barafu. Kilichoilinda kilikuwa unga wa mbao uliofungwa vizuri kuizunguka.

Likumbuke hilo la unga wa mbao, maana nitalirudia. Kuitunza baridi uliyonayo ni sawa na kuitengeneza.

Friji linavyofanya kazi

Ukipakwa spiriti mkononi kabla ya sindano, unahisi baridi. Spiriti inapokauka inachukua joto la ngozi yako na kuondoka nalo. Friji linafanya kazi hiyo hiyo. Ndani ya mabomba yake kuna kitu kinachogeuka kutoka maji kuwa gesi, na kinapogeuka kinavuta joto kutoka kwa samaki wako. Kompresa inaikusanya ile gesi na kuibana, joto linatolewa kwenye mabomba ya nje, gesi inarudi kuwa maji, na mzunguko unaanza upya.

Shika neno "mzunguko". Gesi ya friji haitumiki ikaisha kama mafuta ya boti. Inazunguka humo humo miaka na miaka. Fundi akikwambia "gesi imekwisha", maana yake kuna mahali inavuja. Akiijaza bila kuziba tundu, umenunua gesi ya kumwaga hewani. Ndivyo tulivyofanya mara tatu.

Gesi za kwanza: zilipoza na zikaua

Miaka ya 1870 Mjerumani Carl von Linde alitengeneza mashine za baridi zilizotumia amonia. Viwanda vya bia na vya barafu vikazichukua, na amonia inatumika viwandani hadi leo kwa sababu inapoza vizuri sana. Lakini ni sumu na harufu yake inachoma macho na pua. Friji za majumbani zilipoanza kuenea Marekani na Ulaya miaka ya 1920, zilitumia amonia, salfa dioksaidi au methili kloridi. Bomba likipasuka usiku, watu waliweza kufa wamelala, na walikufa. Hata mwanasayansi Albert Einstein alishughulika na jambo hili. Yeye na mwenzake Leo Szilard walibuni friji lisilo na sehemu zinazocheza, ili lisivuje, wakapata hati ya ubunifu Marekani mwaka 1930.

Kuna friji moja la wakati huo ambalo wazee wa Afrika Mashariki wanalijua. Mwaka 1922 wanafunzi wawili wa Sweden, Baltzar von Platen na Carl Munters, walibuni friji linalopoza kwa kutumia moto. Kampuni ya Electrolux ikalitengeneza kuanzia mwaka 1925. Hilo ndilo friji la mafuta ya taa. Lilikuwa na utambi chini na amonia na maji ndani ya mabomba yaliyofungwa kabisa. Kwa miaka mingi vituo vya afya visivyo na umeme vilihifadhi chanjo za watoto ndani ya friji za namna hiyo.

Nalitaja kwa sababu watu wengi wanadhani friji zenye gesi za asili ni mambo mapya ya wazungu wa mazingira. Si mapya. Amonia ndiyo iliyotangulia, na gesi zilizoharibu anga zilikuja baadaye.

Gesi iliyosifiwa

Mwaka 1928 Mmarekani Thomas Midgley, mkemia wa kampuni ya magari ya General Motors, alipewa kazi ya kutafuta gesi isiyoua wala kuwaka. Yeye na wenzake wakapata gesi za jamii inayoitwa CFC. Mwaka 1930 alisimama mbele ya wanasayansi wenzake, akavuta gesi hiyo kifuani, akaipuliza kwenye mshumaa, mshumaa ukazimika. Aliwaonyesha mambo mawili kwa pumzi moja, kwamba haiui na haiwaki. Ikauzwa kwa jina la Freon. Mafundi wetu wakubwa wanaikumbuka kwa jina la gesi ya 12, yaani R-12.

Midgley huyu huyu ndiye aliyegundua kutia risasi kwenye petroli, jambo ambalo nalo lilisifiwa kwanza na kupigwa marufuku baadaye. Simsemi kwa ubaya. Gesi yake kweli iliokoa watu na sumu majumbani. Lakini alipima alichoweza kukiona, yaani mtu aliyesimama karibu na friji. Hakuna aliyeuliza gesi inakwenda wapi ikishatoka.

Ilikokwenda

Swali hilo liliulizwa mwaka 1974. Mario Molina na Sherwood Rowland, waliokuwa chuo kikuu huko California, waliandika kwamba gesi za CFC haziozi hapa chini. Zinapanda polepole hadi juu sana, na huko mwanga mkali wa jua unazivunja na kutoa klorini inayokula ozoni.

Ozoni ni kama chandarua kilichotandazwa juu ya dunia. Kinachuja miale ya jua inayodhuru ngozi na macho, inayodumaza mazao, na inayoua mimea midogo mno ya baharini ambayo ndiyo chakula cha kwanza katika mnyororo wa samaki. Chandarua kikitoboka, mkulima na mvuvi wote wamo hatarini.

Kampuni zilibisha. Mwaka 1985 Waingereza watatu, Joseph Farman, Brian Gardiner na Jonathan Shanklin, walitangaza vipimo vyao kutoka Ncha ya Kusini ya dunia. Kila msimu wa machipuko ya huko ozoni ilikuwa ikipungua vibaya. Mwaka huo huo nchi zilitia saini Mkataba wa Vienna, na tarehe 16 Septemba 1987 ikapitishwa Itifaki ya Montreal ya kuziondoa gesi hizo. Ndiyo maana kila tarehe 16 Septemba ni Siku ya Ozoni Duniani. Molina na Rowland, pamoja na Paul Crutzen, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1995.

Itifaki ya Montreal ilikuwa na busara moja inayotuhusu. Ilikubali kwamba nchi tajiri ndizo zilizotumia gesi hizo zaidi, kwa hiyo nchi zinazoendelea zikapewa muda mrefu zaidi na mfuko wa fedha wa kuzisaidia kubadilika. Tanzania ilijiunga mwaka 1993. Nchi kama yetu zilitakiwa kusimamisha ongezeko la CFC mwaka 1999, kupunguza nusu mwaka 2005, asilimia 85 mwaka 2007, na kuacha kabisa tarehe 1 Januari 2010.

Kazi hiyo imezaa matunda. Nchi zote za dunia zimejiunga, na wanasayansi wa Umoja wa Mataifa wanatarajia chandarua hicho kirudi kilivyokuwa mwaka 1980 ifikapo takriban mwaka 2040 kwa sehemu kubwa ya dunia, na takriban 2066 kwa Ncha ya Kusini.

Mwaka 2010 na Pemba yetu

Sasa tazama mwaka huo wa 2010 ulivyokuwa kwetu.

Kabla yake Pemba ilitegemea majenereta ya dizeli. Umeme ulikuwa wa shida na wa kukatika, na si kila mchuuzi angethubutu kutia mtaji wake kwenye friza. Hata Unguja, iliyounganishwa na Bara kwa waya wa baharini tangu mwaka 1980, ilionja taabu. Mwaka 2008 ilikaa takriban mwezi mzima gizani, na kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 ilikaa karibu miezi mitatu. Kila aliyekuwa na samaki au maziwa ndani ya friji anaikumbuka miezi hiyo.

Katikati ya mwaka 2010 ukazinduliwa waya wa umeme wa baharini kutoka Tanga hadi Pemba, kwa msaada wa Norway, wenye urefu wa kilomita zipatazo 78. Baada ya hapo biashara ya barafu, juisi ya ukwaju, malai na samaki wa baridi ikawa jambo linalowezekana kwa mtu wa kawaida mwenye mita ya Tukuza.

Kwa hiyo mwaka ule ule dunia ilipofunga mlango wa gesi ya 12, Pemba ilifungua mlango wa friza. Sisi tulianza kutafuta friza za bei nafuu wakati wenzetu wa ng'ambo walikuwa wakiyatoa majumbani mwao mashine za zamani. Mtu anayetoa kitu na mtu anayekitaka hawakosi kukutana, na kati yao yupo dalali. Mashine inayokula umeme mwingi, yenye gesi isiyopatikana tena dukani, ikifika kwetu inaitwa "mtumba original", na tunaamini ni imara kwa sababu ni nzito.

Ghana iliona hatari hii mapema. Ilitunga kanuni mwaka 2008 ya kuzuia friji za mtumba, na kuanzia mwaka 2013 ikaanza kuitekeleza bandarini. Sababu yao kubwa ilikuwa umeme. Friji kuukuu moja lilikuwa likiila nchi umeme ambao ungetosha zaidi ya friji moja jipya.

Dawa ya kwanza ikaleta maradhi mengine

Baada ya CFC zilikuja gesi mbili za kuziba pengo. Ya kwanza ni R-22, ambayo ipo kwenye viyoyozi vingi vya zamani na mashine nyingi za barafu. Inaila ozoni kidogo kuliko R-12, lakini inaila. Nayo ina tarehe yake ya kufa. Nchi zinazoendelea zinatakiwa kuipunguza kwa asilimia 67.5 mwaka 2025 na asilimia 97.5 mwaka 2030, kibaki kiasi kidogo tu cha kuhudumia mashine zilizopo hadi 2040.

Ya pili ni jamii ya HFC. Humo imo R-134a iliyojaa kwenye friji zetu, na R-404A iliyo kwenye majokofu makubwa ya biashara. Hizi haziili ozoni kabisa, na kwa hilo zilisifiwa kama alivyosifiwa Midgley. Lakini zinafunika joto la dunia kama blanketi zito. Kilo moja ya R-134a ikimwagika hewani inatia joto sawa na kilo 1,430 za hewa ukaa kwa hesabu ya miaka 100. Kilo moja ya R-404A ni sawa na takriban kilo 3,900. R-12 ya zamani ilizidi kilo 10,000.

Mtu wa Makoongwe hahitaji kuelezwa joto la dunia ni nini. Anaona ufukwe unavyoliwa na matumbawe yanavyogeuka meupe maji yakipata joto. Pweza anaishi kwenye hayo matumbawe.

Safari hii mkutano ulifanyika jirani. Tarehe 15 Oktoba 2016, mjini Kigali, Rwanda, nchi zilikubaliana kuzipunguza HFC nazo. Hayo ndiyo Marekebisho ya Kigali, yaliyoanza kazi mwaka 2019. Kwa kundi kubwa la nchi zinazoendelea, matumizi yanasimamishwa yasiongezeke kuanzia 2024, yanapungua asilimia 10 mwaka 2029, asilimia 30 mwaka 2035, na kuendelea hadi asilimia 80 mwaka 2045.

Maana yake kwa mchuuzi ni hii: friza la R-134a unalonunua leo si haramu na litafanya kazi, lakini kadiri miaka inavyokwenda gesi yake itakuwa adimu zaidi, na bidhaa ikiwa adimu unajua bei yake inavyokwenda.

Kurudi kwenye gesi za asili

Wakati kampuni kubwa zikihama kutoka gesi moja ya kiwandani kwenda nyingine, wapo waliochukua njia tofauti. Mwaka 1992 na 1993 kiwanda kimoja kidogo kilichokuwa kikifilisika upande wa mashariki ya Ujerumani kilikubali kutengeneza friji linalotumia propani na isobutani, kwa kushirikiana na shirika la Greenpeace. Waliliita Greenfreeze. Makampuni makubwa yaliwatisha wanunuzi kwamba litalipuka. Watu wakalinunua, na baada ya muda mfupi makampuni yale yale yakaanza kutengeneza la kwao.

Leo isobutani inaandikwa R-600a, na friji nyingi mpya za nyumbani zinazouzwa duniani zinaitumia. Haiili ozoni, na joto lake kwa kilo ni kama kilo 3 tu za hewa ukaa. Friji zake kwa kawaida zinakula umeme kidogo. Propani inaandikwa R-290 na ipo kwenye friza za biashara.

Gesi hizo hizo zilitumika katika mradi wa SolarChill, uliowakutanisha Shirika la Afya Duniani, UNICEF na wengine kutengeneza friji la chanjo linaloendeshwa kwa jua moja kwa moja bila betri. Badala ya betri, mchana linagandisha barafu ndani, na usiku barafu ndiyo inayoendelea kupoza. Kenya ni mojawapo ya nchi lilikofanyiwa majaribio. Tazama historia ilivyozunguka. Tumetoka kwenye friji la chanjo la mafuta ya taa lenye gesi ya asili, tukapita kwenye gesi za kiwandani, tumerudi kwenye friji la chanjo lenye gesi ya asili, safari hii likiwashwa na jua.

Je, R-600a inalipuka? Inawaka, huo ni ukweli na sitauficha. Lakini friji la nyumbani lina gramu chache tu, mara nyingi kati ya 20 na 90. Mtungi mdogo wa kilo 6 ulio jikoni kwako una gesi ya kutosha friji mia moja za gramu 60. Hatari kubwa iko kwa fundi asiyejua, anayewasha moto wa kuchomelea wakati gesi bado imo ndani, au anayefanya kazi kwenye chumba kilichofungwa.

Friza letu lilikufa kwa nini

Sasa narudi kwenye friza la kina mama. Nilirudi Mkoani nikaliangalia tena. Karatasi ya nyuma ilikuwa imekwanguliwa, lakini kwenye kompresa palibaki maandishi: R-12. Maana yake lilitengenezwa kwa gesi iliyokwisha kufungiwa. Fundi alikuwa akilitia gesi nyingine ambayo haikulingana nayo wala na mafuta ya kompresa yake. Bomba la nyuma lilikuwa limeliwa na chumvi ya bahari, na tundu halikuwahi kuzibwa.

Na kuna jambo lililonitisha zaidi. Mara ya tatu, gesi iliyotiwa ilikuwa ya mtungi wa kupikia. Kijana aliyefanya hivyo aliambiwa na wenzake kwamba "ni ile ile ya friji mpya". Si ile ile. Gesi ya kupikia ni mchanganyiko usiopimwa kwa kazi hiyo, na friza la zamani lina swichi zinazotoa cheche kwa sababu halikujengwa kwa gesi inayowaka. Alhamdulillah, tulipoteza pweza tu.

Lakini haki isemwe, kosa halikuwa la gesi peke yake. Hata friza zima lisingeweza kazi ile. Friza la dukani limetengenezwa kutunza vilivyoganda, na linagandisha kidogo kidogo. Karatasi yake inaonyesha kilo ngapi linaweza kugandisha kwa saa 24, na mara nyingi ni chache kuliko mtu anavyodhani. Sisi tulilitia zaidi ya kilo 60 za pweza wa moto kutoka mwambani kwa mara moja. Hilo nalo nilipaswa kulijua.

Ushauri wangu safari hii

1. Soma karatasi ya nyuma kabla ya kutoa fedha. Ukiona R-12, ondoka. Ukiona R-22, ondoka pia, hasa kwa mashine ya barafu inayotakiwa kudumu miaka kumi. R-134a na R-404A zinafanya kazi lakini zina mwisho. R-600a au R-290 ndiyo chaguo la kwanza. Karatasi ikiwa imekwanguliwa, usinunue hata kwa nusu bei.

2. Angalia alama ya moto. Mashine yenye R-600a au R-290 ina pembetatu ya njano yenye alama ya moto karibu na kompresa. Mwonyeshe fundi kabla hajagusa kitu.

3. Mwulize fundi maswali matatu. Tundu liko wapi? Utaliziba vipi? Gesi utaipima kwa mizani? Fundi aliyefunzwa hujaribu mabomba kwa nitrojeni, huvuta hewa yote kwa pampu, kisha hupima gesi kwa gramu kama ilivyoandikwa kwenye karatasi. Anayekisia kwa kugusa bomba kwa mkono, mshukuru na umwache aende.

4. Usikubali gesi ya kupikia, wala R-600a ndani ya friza la R-134a. Kila mashine na gesi yake.

5. Ilinde na chumvi na umeme mbaya. Ifute mabomba ya nyuma kwa kitambaa kikavu, iache nafasi ya shibiri moja kutoka ukutani, na iwe na kifaa cha kuikinga umeme unapopanda na kushuka.

6. Poza kwa barafu kwanza, friza baadaye. Siku ya kufungua mwamba, vukeni na barafu kwenye makasha yenye kuta nene. Kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya pweza, na maji yanayoyeyuka yapate njia ya kutoka. Pweza afike Mkoani akiwa baridi tayari, kisha mgandishe kwa zamu kulingana na uwezo wa friza. Waliobaki wauzwe siku hiyo hiyo au wakaushwe kama walivyofanya wazee.

7. Friza likifa kabisa, lisikatwe mabomba ovyo kwa kutafuta shaba. Gesi iliyomo itamwagika hewani yote. Ulizeni ofisi ya mazingira ya Zanzibar, ZEMA, kabla ya kulitupa.

Najua mtasema friza jipya la R-600a ni ghali kuliko la mtumba. Ni kweli. Kwa fedha walizobakiwa nazo kina mama hawa hawawezi kupata jipya lenye ukubwa wa lile la kwanza. Ushauri wangu ni wanunue dogo jipya, na fedha inayobaki inunue makasha mazuri ya barafu. Ukubwa wa lile la mwanzo ndio uliotudanganya.

Tukipiga hesabu ya gesi iliyotiwa mara tatu, Tukuza iliyoliwa na pweza waliomwagwa, lile friza la rahisi lilitugharimu kuliko jipya. Hesabu hiyo niliifanya kwenye daftari langu, nami nitawasomea yote siku tutakayokutana, pamoja na sehemu inayonihusu mimi.

Jumamosi navuka tena Makoongwe. Mwenye friza lake aje na karatasi ya nyuma ameipiga picha, tuisome pamoja barazani. Haina malipo.